Istilahi za Upigaji Picha za Anga za Mbali: Uhakiki wa Rasimu Moja ya Tafsiri

Miongoni mwa miswada iliyopitia mikononi mwetu imo tafsiri ya mwongozo mfupi wa kupiga picha za anga kwa kamera ya kawaida na darubini ndogo. Mfasiri wake ameandika Kiswahili fasaha, wala sarufi yake haina dosari ya kutajwa. Hata hivyo, istilahi zake kadhaa zinaipotosha kazi yenyewe. Na kwa kuwa mwongozo huu umekusudiwa walimu wa sayansi, kosa la istilahi litarithiwa na wanafunzi. Ndiyo sababu tumeona yafaa kulijadili hapa.

Tuanze na watendaji. Watu wafanyao kazi hii kwa mapenzi yao, bila ya malipo, rasimu inawaita "wanagenzi". Mwanagenzi ni mtu anayeanza kujifunza kazi. Isaac Roberts, ambaye mwaka 1888 alipiga picha iliyodhihirisha kuwa galaksi ya Andromeda imejipinda mfano wa gamba la konokono, alipata riziki yake katika ujenzi wa majumba. Lakini nani awezaye kumwita mwanagenzi? Neno tunalo tayari katika michezo: ndondi za ridhaa. Basi na huyu ni mpiga picha wa ridhaa.

Uwanja wa kazi umeitwa "anga la kina". Kina, kwa msemaji wa Kiswahili, ni cha bahari au kisima, nacho hupimwa kwenda chini. Kinachokusudiwa ni vitu vilivyo nje kabisa ya jua letu na sayari zake: mafungu ya nyota, mawingu ya gesi na galaksi. "Anga za mbali" yatosha. Tena fungu moja mashuhuri limeandikwa "Pliadi", ilhali wakulima na mabaharia wetu wamelijua tangu zamani kwa jina la Kilimia.

Kosa zito zaidi limo katika kitenzi "kukuza". Rasimu yasema kuwa darubini "hukuza vitu vidogo vya angani". Ukweli ni kwamba vingi vya vitu hivi si vidogo machoni petu, bali ni hafifu. Andromeda huchukua upana wa nyuzi 3 hivi angani, yaani kama mara sita ya upana wa mwezi mpevu. Kazi ya darubini hapa ni kukusanya nuru: kioo chenye kipenyo cha milimita 70 hupokea nuru mara 100 ya ile inayopita katika mboni iliyopanuka hadi milimita 7. Mwalimu atakayefuata neno "kukuza" atatumia fedha za shule kununua uwezo wa kukuza, na picha zake zitabaki giza.

Kosa hilo lazaa jingine. Muda ambao kamera huachwa wazi ili ipokee nuru umeitwa "mfichuo". Kufichua ni kutoa nje jambo lililofichwa, kama vile siri au wizi. Hakuna humo fununu ya muda wala ya nuru. Henry Draper alipopiga picha ya wingu la gesi katika kundinyota la Jabari mwaka 1880, aliiacha nuru iingie kwa takriban dakika 50. Twapendekeza "muda wa kupokea nuru". Ni maneno mengi, lakini yanafundisha.

Vitone vinavyoharibu picha hafifu vimeitwa "kelele". Picha haipigi kelele. Watazamaji wa televisheni wamekwisha kutupa neno: picha mbaya ina chenga. Na kitendo cha kuunganisha picha nyingi za kitu kimoja ili kupunguza chenga kimeitwa "kurundika", neno linaloashiria fujo. Hapa kila nyota huwekwa juu ya nyota ile ile. Huko ni kupandanisha. Picha 16 zikipandanishwa, chenga hupungua hadi robo, zikilinganishwa na nuru ya kitu kilichopigwa.

Liko pia jambo ambalo si la neno moja. Dunia inapozunguka, nyota huonekana kuhama nyuzi 15 kwa saa, hivyo kamera huwekwa juu ya stendi inayozifuata. Rasimu yamwagiza msomaji auelekeze mhimili wa stendi hiyo kwenye Nyota ya Kaskazini. Tafsiri ni sahihi, lakini maagizo hayafai. Dar es Salaam iko nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta, na nyota hiyo haionekani huko. Mhimili hauna budi kuelekezwa kusini, ukiinuliwa nyuzi 7 tu.

Wako watakaosema kuwa istilahi yoyote hukubalika ikizoeleka. Hayo ni kweli kwa neno geni kama galaksi, ambalo humjia msomaji likiwa tupu, naye hulijaza kwa maelezo anayopewa. Lakini neno la Kiswahili huja na maana yake. Ukiliweka pasipo pake, maana ile ya kwanza haiondoki, bali hushindana na somo.

Kwa hiyo twawasihi wafasiri waulize kwanza kitu kinafanya kazi gani, ndipo watafute jina. Rasimu hii yafaa kuchapishwa baada ya kurekebishwa, kwani walimu wanaihitaji.