Punda mzee wa Nyahanga apumzike wapi?

Mwaka 2022 Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa biashara ya ngozi, zile zilizokuwa zikienda China kutengenezewa ejiao, gundi ya dawa za asili. Shinyanga mjini palikuwa na machinjio yake. Februari 2024 Umoja wa Afrika nao ukaisitisha biashara hiyo barani kote kwa miaka 15. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini marufuku humwokoa punda na kisu, malisho haimpi. Hapa Nyahanga, Kahama, punda aliyebeba maji, mpunga na mkaa tangu ujana wake akianza kuchechemea, zamani jibu alikuwa nalo mnunuzi. Sasa anatakiwa kuwa nalo mwenye punda.

Wako waliolikabili jambo hili kabla yetu. Mwaka 1930 Dorothy Brooke, mama wa Kiingereza, alifika Cairo akakuta farasi wazee waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza wakivuta mizigo, mbavu nje. Aliandika barua gazetini kwao, akachangiwa, akanunua farasi wapatao 5,000. Wengi hawakupata malisho ya uzeeni. Walikuwa wamechakaa mno, wakapewa nafasi ya kula na kupumzika kwanza, kisha wakafishwa bila mateso. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kupima: yupi bado ana maisha mbele yake, na yupi anaongezewa mateso tu. Lamu, Kenya, nako, mwaka 1987, shirika la Kiingereza la The Donkey Sanctuary lilianzisha kituo cha kutibu punda na kuwatunza wazee. Ni kazi njema, ila huendeshwa kwa fedha za wafadhili, na punda wa Nyahanga hawezi kusubiri mfadhili.

Kwetu kuna ngitili. Wasukuma tangu enzi za mababu hufunga eneo la malisho mvua zinapoanza, nyasi zikue, kisha hulifungua kiangazi kikikolea. Nyasi hizo waliwekewa ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, wagonjwa na wazee, wale wasioweza kufuata kundi mbali. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulizifufua ngitili mkoani mwetu Shinyanga hadi zikafika mamia ya maelfu ya hekta. Makao ya mnyama mzee, basi, yalishabuniwa hapa hapa na sheria zake zikasimamiwa na dagashida, baraza la jadi. Kilichobaki ni kumwingiza punda.

Kabla ya kumtafutia ngitili, mfungue mdomo, au muite afisa mifugo amfungue. Magego ya punda huendelea kuchomoza maishani mwake na husagika bila kulingana. Uzeeni hubaki ncha kali zinazokata shavu na ulimi, au mapengo. Mtazame akila. Akidondosha matonge ya majani yaliyotafunwa nusu, au kinyesi chake kikiwa na nyuzi ndefu, ngitili yenye nyasi kavu na ngumu itamuua kwa njaa akiwa amesimama katikati ya chakula. Huyo anahitaji nyasi laini zilizokatwakatwa fupi na pumba iliyoloweshwa, karibu na nyumba ya mtu. Mwenye meno mazuri na kwato zilizopunguzwa vizuri anaweza kwenda, mradi maji yasiwe mbali, pawe na paa la kumkinga mvua kwa kuwa manyoya yake hulowa haraka, na usiku awe zizini, fisi wasimfikie.

Asiende peke yake. Punda hushikamana na mwenzake, na akitenganishwa naye anaweza kugoma kula. Punda aliyegoma kula, mwili wake huyeyusha mafuta kwa wingi, yakajaa kwenye damu na kuharibu ini. Siku chache tu zaweza kumaliza kila kitu. Wawili waliofungwa nira moja miaka yote wahamishwe pamoja, hata kama mmoja bado ana nguvu.

Ugumu mkubwa uko kwenye makubaliano. Ng'ombe akiwekwa kwa jirani, mlezi hupata maziwa na samadi, na mara nyingine ndama; ndiyo maana desturi hiyo imedumu. Punda mzee ana samadi tu. Anayempokea bure leo atashawishika kumfunga mkokoteni kesho, na hapo punda hajastaafu, amebadilishiwa mwajiri. Mwenye mali alipe: magunia ya pumba baada ya mavuno, mchango wa uzio, au siku za kulima shamba la mlezi kwa jozi ya punda vijana. Yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa: hafanyi kazi, hauzwi, nani analipia dawa za minyoo na kupunguza kwato.

Kiandikwe pia kipengele ambacho watu hukikwepa, yaani nani ataamua siku punda atakaposhindwa kuinuka. Pendekezo langu ni afisa mifugo aamue, mwenye punda aarifiwe siku hiyo hiyo, na gharama ya kumfisha bila mateso na kumzika iwe imewekwa pembeni tangu siku alipoingia ngitilini.