Kijiwe cha Kahawa na Mgeni Wake

Walimu wa fasihi katika vyuo vyetu vya ualimu wamezoea kuhakiki kitabu kwa kukigawa katika fani na maudhui. Fani ni namna jambo lilivyosemwa. Maudhui ni jambo lenyewe. Mgawanyo huo una udhaifu wake, lakini una faida moja kubwa: humlazimisha mhakiki aseme wazi anapima nini kabla hajatoa hukumu. Katika insha hii nataka kuutumia kupima kitu kisicho na kurasa wala jalada, nacho ni kijiwe cha kahawa kama tunavyokijua hapa Kibiti na katika vijiji vya delta ya Rufiji.

Watu wetu hukihakiki kijiwe kila siku bila kujua kwamba wanahakiki. Utamsikia mmoja akisema, "Pale kahawa nzuri, ila hapakaliki." Mwingine atasema, "Kwa yule mzee kahawa ni maji matupu, lakini siwezi kwenda kulala bila kupita." Hizo ni hukumu mbili, tena zote mbili zaweza kuwa za kweli. Zinatofautiana kwa sababu wasemaji wanapima vitu viwili. Swali langu ni hili: kati ya vitu hivyo viwili, kipi ndicho kijiwe?

Nianze na fani, yaani kahawa yenyewe na vyombo vyake. Ardhi yetu si ya buni. Sisi ni watu wa mpunga, korosho, minazi, samaki na kamba. Buni hutufikia kutoka mbali, kutoka Kagera, Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi. Huko Kagera, Wahaya tangu zamani humkaribisha mgeni kwa buni za kutafuna, zilizochemshwa na kukaushwa. Sisi wa pwani tuliipata desturi ya kuinywa kutoka upande wa bahari, kwa watu wa Arabuni waliofanya biashara na babu zetu, na ndiyo maana kahawa yetu huja na birika lake, vikombe vidogo, na kitu kitamu cha kuondolea uchungu. Kwa hiyo kila kikombe kinachonywewa Kibiti kina buni ya bara na adabu ya pwani. Hilo peke yake latosha kutukumbusha kwamba kahawa haikuwahi kuwa mali ya wenyeji peke yao.

Kahawa njema si siri. Buni ikaangwe mpaka iive bila kuungua, itwangwe siku ileile au jana yake, ichemshwe taratibu juu ya mkaa. Tangawizi iwepo, lakini isitawale. Muuzaji anayezidisha tangawizi mara nyingi anaficha buni mbovu. Kikombe kiwe kidogo, kwa kuwa kahawa ya kikombe kidogo huisha kabla haijapoa, na mnywaji huomba cha pili. Kashata ya karanga au ya nazi iwe kavu, isigande menoni. Mtu akiyapata haya kwa shilingi 100 au 200, hana sababu ya kulalamika.

Liko jambo moja la fani ambalo wauzaji wetu wengi wanastahili kulaumiwa, nalo ni ndoo. Vikombe kumi huzunguka midomo arobaini, vikioshwa katika ndoo moja ya maji yaliyotekwa asubuhi. Katika nchi ambayo kipindupindu bado hakijatuaga, hili si jambo dogo. Ndoo ya pili ya maji safi ya kusuuzia haina gharama ya kumfilisi mtu. Muuzaji asiyeiweka, hata buni yake iwe tamu namna gani, anawatendea wateja wake kwa dharau.

Hayo ndiyo ya fani, na mtu angeweza kuishia hapo. Lakini hebu tuangalie mteja anavyokaa. Amelipa shilingi 200, akanywa vikombe viwili kwa muda usiozidi dakika kumi, kisha amebaki kwenye benchi saa nzima na zaidi. Muuzaji hamfukuzi. Hakuna biashara nyingine mjini inayoruhusu jambo hilo. Kaa saa nzima kwenye kiti cha kinyozi baada ya kunyolewa uone utakavyoambiwa. Ni dhahiri, basi, kwamba mteja hakununua kahawa tu. Amenunua nafasi ya kukaa, na pamoja nayo haki ya kusikia na kusikilizwa. Hayo ndiyo maudhui ya kijiwe.

Nenda Nyamisati, mahali ambapo watu hupanda vyombo vya kwenda Mafia. Safari za huko zimezoea kufuata maji, na maji hayafuati saa ya mtu. Msafiri anayengoja maji yajae hujua kwenye kahawa kila analohitaji: nahodha yupi ana haraka, bahari imekaaje, kamba wamepanda bei au wameshuka, nani amefiwa Kiongoroni au Salale. Zamani palikuwa na mahali pengine pa namna hiyo, Ndundu, kwenye kivuko cha mto Rufiji. Wasafiri wa Lindi na Mtwara walingoja pantoni kwa saa nyingi, na mvua zikikolea hata kwa siku kadhaa. Mmatumbi, Mmakonde, Mndengereko na mtu wa Dar es Salaam walikaa pamoja kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda. Mwaka 2003 daraja la Mkapa, lenye urefu unaokaribia kilometa moja, lilifunguliwa. Hakuna mwenye akili atakayelilia pantoni. Ila tukumbuke kwamba tangu hapo mgeni alianza kutupita kwa mwendo wa basi, na vijiwe vyetu vikabaki na watu wanaojuana.

Hapo ndipo ninapopata kipimo changu. Kijiwe cha watu wanaojuana ni rahisi kukiendesha, kwani kila mtu anajua utani wa mwenzake, deni lake na ugonjwa wake. Mtihani huja pale anapofika mtu asiyejulikana. Kwenye kijiwe kizuri, mambo hufuata utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Mgeni hutoa salamu; wote huitikia. Aliye mwisho wa benchi husogea. Muuzaji humimina. Mgeni akishashika kikombe ndipo mzee mmoja huuliza habari za atokako, si shughuli iliyomleta. Baada ya hapo mazungumzo huendelea pale yalipokuwa, na mgeni akiwa na neno hulisema. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwenye kahawa maana yake ni nyepesi kabisa: sisi sote tumeshasikia habari zetu, yeye ndiye mwenye mpya.

Watawala wa kale walilielewa jambo hili kuliko wanywaji wenyewe. Mwaka 1511 liwali wa Makka, Khair Beg, alipiga marufuku kahawa, na kilichomsumbua kilikuwa pia mikusanyiko ya wanywaji. Marufuku hiyo haikudumu. Mwaka 1675 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitangaza kuzifunga nyumba zote za kahawa kwa kuwa watu walizitumia kuisema serikali. Kelele zilikuwa nyingi hata akaliondoa tangazo lake katika siku chache. Wote wawili walidhani kwamba ili kulivunja baraza ni lazima uiondoe kahawa.

Sisi wa Kibiti tulijifunza kwamba si lazima. Katika miaka ya 2016 na 2017, watu zaidi ya thelathini waliuawa katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, wakiwemo askari polisi, wenyeviti wa vijiji na viongozi wa chama. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja katika wilaya yetu. Pikipiki zilizuiwa kutembea usiku. Mwezi Novemba mwaka huohuo Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiliandikia gazeti la Mwananchi habari za mauaji hayo, alitoweka hapa Kibiti, na mpaka leo hajaonekana.

Katika miezi ile hakuna aliyeifunga biashara ya kahawa kwa amri. Mkaa uliwashwa, buni ilikuwa ileile, bei ilikuwa ileile, na tangawizi haikupungua. Mhakiki wa fani asingeona kasoro hata moja. Lakini mgeni alipotokea, mazungumzo yalikatika. Salamu yake iliitikiwa nusunusu, na mtu mmoja baada ya mwingine alikumbuka kwamba ana shughuli nyumbani. Hata wenyeji kwa wenyeji walichagua maneno: mvua, mpira, bei ya korosho. Mtu aliogopa kusema mbele ya mwuaji, akaogopa vilevile kusema mbele ya anayemtafuta mwuaji, na kwa kuwa hakumjua yupi ni yupi, akanyamaza mbele ya wote. Siwalaumu watu wale. Ninachosema ni kwamba kwa muda ule tulikuwa na kahawa, hatukuwa na kijiwe. Wilaya nzima ilipoteza mahali pa kuulizana kuna nini, wakati uleule ilipokuwa na haja kubwa ya kuulizana.

Mazungumzo yalirudi polepole, na nilijua yamerudi niliposikia ubishi. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliyafunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti. Benchi zima liligawanyika: hawa wakasema ni maji ya bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, wale wakasema ni mvua za El Nino, na kwamba mto huu ulikwishafurika kabla bwawa halijafikiriwa. Wazee wakatoa ushahidi wa mafuriko ya mwaka 1968 na Operesheni Rufiji iliyofuata, watu walipohamishwa kutoka bondeni kupelekwa nyanda za juu. Vijana wakatoa picha katika simu zao. Hakuna aliyeshinda, lakini kila mmoja aliondoka akiwa na hoja ya upande wa pili, jambo ambalo mikutano mingi ya hadhara haiwezi kujisifu nalo.

Hata hivyo, mhakiki anayesifu tu hana kazi. Ubishi ule ulikuwa na upungufu mkubwa. Mashamba ya mpunga yaliyozama yalikuwa yamepandwa na kupaliliwa na wanawake kwa wanaume, lakini kwenye benchi hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Mwanamke hukaanga buni nyumbani na kupika kashata zinazouzwa pale, lakini akipita husalimia na kwenda zake. Tunaweza kusema ni desturi, na ni kweli ni desturi. Lakini kwa kipimo nilichokitaja, nusu ya kijiji ni mgeni ambaye hata benchi halisogezwi kwa ajili yake, na habari alizo nazo hatuzisikii.

Kasoro ya pili ni bendera. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, viko vijiwe vyenye mlingoti wa chama ubavuni. Jaws Corner ya Mji Mkongwe, Unguja, ambayo kwa miaka mingi ilijulikana kuwa ngome ya wafuasi wa CUF, ndiyo yenye sifa zaidi, lakini mifano midogo iko kila mji. Siasa si kosa kwenye kahawa. Bila siasa benchi lingelala. Kosa ni pale msikilizaji anapokuwa amejua jibu kabla ya swali, na mwenye mawazo mengine akaambiwa kwa macho kwamba kikombe chake ni cha mwisho. Kasoro ya tatu ni televisheni. Muuzaji anayeiwasha kwa sauti kubwa hupata wateja wengi, wote wakitazama upande mmoja, na hakuna anayemwona aliyeketi karibu naye.

Kwa hiyo basi, nikirudi kwa wale wahakiki wawili, namuunga mkono yule anayepita kwa mzee mwenye kahawa ya maji. Ameelewa kwamba kahawa mbaya kwenye baraza zuri hurekebishwa kwa kuongeza buni. Baraza baya haliponi kwa kuongeza kitu birikani. Linahitaji mtu wa kwanza atakayesogea kidogo kwenye benchi, na kwa desturi yetu mtu huyo ni mzee aliyepo, kwa kuwa vijana hungoja kuona yeye atafanya nini. Muuzaji naye aweke ndoo ya pili na kupunguza sauti ya televisheni. Mengine yatategemea ni nani atakayeshuka kwenye basi, na tutamwitikiaje.