Kengele Shingoni mwa Seva

Mchungaji wa Kisomali humvisha ngamia kengele ya mbao shingoni, nayo huitwa koor. Usiku, ngamia akipotelea vichakani, mlio ule humwambia mwenyewe aliko, na kama anatembea au ametulia. Mimi huikumbuka sana kengele hiyo nikiwa Garissa mjini, mbele ya kompyuta, nikiichungulia seva iliyoko Balambala.

Ndani ya seva nyingi za ofisini kuna kompyuta nyingine ndogo, imebanwa palepale kwenye ubao mama. Ina prosesa yake, kumbukumbu yake, na mara nyingi tundu lake la mtandao. Seva ikizimwa, hiyo ndogo haizimiki. Maadamu waya wa stima umechomekwa na stima ipo, hula umeme kidogo na kukesha. Hupima joto, huhesabu mizunguko ya feni, huandika kila tukio kwenye daftari lake. Na ili tuweze kusemezana nayo, watengenezaji wameiwekea programu ndogo mno ya kutoa kurasa za wavuti. Unafungua kivinjari, unaandika anwani na neno siri, na ukurasa unakuja. Pana kitufe cha kuwasha. Ukikibonyeza, mashine iliyo ng'ambo ya makorongo (laga) matano huamka.

Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoujaza mto Tana, barabara ya Balambala ilikatika. Siku zizo hizo seva ya ofisi moja niliyokuwa nikiihudumia ikanyamaza. Mtandao wa simu ulikuwa dhaifu, ukurasa ukafunguka mstari kwa mstari kama mtu anayesoma barua kwa shida. Nikangoja. Feni ya tatu: mizunguko 0. Hewa inayoingia: nyuzi 41, wakati seva nyingi za kawaida hutengenezwa zivumilie hadi 35. Mashine ilikuwa imejizima yenyewe isiungue, na sababu ilikuwa imeandikwa daftarini, pamoja na saa na dakika. Nikaomba kwa simu dirisha la chumba lifunguliwe. Saa nne usiku joto lilikuwa limeshuka hadi 31. Nikabonyeza. Ndani ya kivinjari ikatokea picha ya skrini ya mashine ile, herufi nyeupe juu ya weusi, zikipanda moja baada ya nyingine. Barabara ilipofunguka nilikwenda na feni mpya mkobani; nilijua tangu mwanzo ni ipi ya kubadilisha.

Ufundi huu una wenyewe. Mwaka 1998 kampuni za Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC zilikubaliana lugha moja ya kuzungumza na vikompyuta hivi, ikaitwa IPMI. Mwaka 2015 ikaja Redfish, inayopita njia ileile ya kurasa za wavuti. Lakini sifa zangu nazipeleka kwa waandishi wa ile programu ya ndani. Chipu ya kuhifadhia mara nyingi ni megabaiti 32 tu. Picha chache za simu ya leo zinaijaza. Humo humo ukae mfumo mzima, kurasa, itifaki za usalama, na nafasi ibaki. Lighttpd, mojawapo ya programu zinazotumika sana kwa kazi hii, ilianzishwa na Jan Kneschke mwaka 2003 akitaka kuonyesha kwamba seva moja inaweza kuhudumia miunganisho 10,000 kwa wakati mmoja. Ubahili ule wa kumbukumbu, uliobuniwa kwa ajili ya umati, ukaja kuwafaa mafundi wanaoingia mmoja mmoja. Kwangu mimi huu ni ufundi wa juu kuliko ule wa kujaza skrini mapambo: kuandika kitu kidogo, kikafanya kazi miaka kumi bila mtu kukigusa.

Kutoguswa huko ndiko pia kunakoniogopesha. Mwaka 2024 watafiti wa kampuni ya Binarly walieleza kwamba tundu la usalama ndani ya Lighttpd lilizibwa mwaka 2018 kimyakimya, bila kupewa namba ya kulitambulisha. Marekebisho hayakufika kwenye baadhi ya mashine za Intel na Lenovo, zikaendelea kukesha na tundu lao. Anayekipata kikompyuta hiki ameipata seva yote: anaizima, anaiwasha, anaisomea skrini yake.

Kwa hiyo fundi mwenzangu, ukienda kufunga seva Saka, Danyere au Jarajara, usirudi mjini kabla hujachomeka kebo kwenye lile tundu dogo la pembeni. Badilisha neno siri la kiwandani. Litenge tundu hilo kwenye mtandao wake, lisionekane na dunia nzima. Kisha zima seva, kaa nje kivulini, na uiwashe kutoka huko kwanza.