Kinanda Kisichokumbuka

Ukutani mwa karakana ile, mjini Berlin, pamebandikwa karatasi iliyopauka. Imejaa viduara vilivyopangwa kwa safu, na ndani ya kila kiduara mna mstari mmoja wa penseli, kama mshale wa saa. Nilidhani ni zoezi la mtoto wa chekechea anayefundishwa kusoma saa. Fundi akacheka. "Hiyo ni sauti ya besi," akasema. "Mwenyewe anakuja kuichukua Ijumaa."

Kinanda cha huyo mwenyewe kilikuwa mezani, kifua wazi: Minimoog Model D, fremu ya mbao, uso wa bati jeusi uliojaa virungu vya kuzungusha, mfano wa vile vya redio za mbao za zamani. Kila kiduara cha karatasini ni kirungu kimoja, na mstari ni pale kirungu kilipoelekea. Karatasi ilihitajika kwa sababu Minimoog haina kumbukumbu. Ukigeuza virungu, sauti uliyokuwa nayo imekwenda zake. Kuipata tena ni uikumbuke kwa mkono au uwe umeichora.

Sisi tunaita kila kitu cha aina hii kinanda, na neno lenyewe limesafiri. Lilitaja ala ya nyuzi kabla halijataja ala ya vibonye. Likabeba na gramafoni pia, santuri zilipoingia. Kwa hiyo sioni tabu kuliongezea sintesaiza.

Anayetaka kuelewa ufundi wa sintesaiza hizi aanzie jikoni, kwenye nazi. Mpishi hatengenezi tui kwa kuongeza kitu. Anakuna nazi nzima, anatia maji, anakamua, na kazi yote iko kwenye chujio: nini kipite, nini kibaki machicha. Minimoog nayo huanza na sauti nzito kupita kiasi. Osileta zake tatu hutoa mawimbi yenye maumbo mbalimbali, na lile la msumeno limesheheni sauti za juu hadi linakwaruza masikio. Hapo ndipo chujio linapoingia. Lile la Moog limejengwa kwa transista mbili mbili, jozi juu ya jozi, mithili ya vipago vya ngazi. Ukilifunga, ukali wote unabaki nyuma na besi inapita peke yake, laini, tui la kwanza kabisa. Ukilifungua polepole wakati noti inalia, sauti inafumbua kinywa. Na kuna kirungu cha kulikaza mahali hapo linapokatia. Ukikizidisha, chujio lenyewe linaanza kupiga mluzi. Wapiga vinanda wa fanki wa Marekani walikaa hapo hapo, ukingoni mwa mluzi. Bernie Worrell wa Parliament alipopiga besi ya "Flash Light" kwa Minimoog, mwishoni mwa miaka ya 1970, wapiga gitaa la besi walikuwa na haki ya kuanza kuulizia kazi nyingine.

Mtambo huu ulizaliwa kwa namna ninayoipenda. Robert Moog alikuwa na kampuni Trumansburg, kijiji cha jimbo la New York, na sintesaiza zake za mwanzo zilikuwa makabati yaliyounganishwa kwa nyaya nyingi za kuchomeka. Wendy Carlos alitumia kabati la namna hiyo kurekodi *Switched-On Bach*, iliyotoka 1968, sauti moja moja, kwa kuwa mtambo haukuweza kutoa noti mbili kwa pamoja. Makabati hayo hayakuwa ya kubeba kwenda nayo dansini. Mhandisi wa kampuni, Bill Hemsath, akaanza kutumia saa zake za chakula cha mchana kuokoteza vipuri na kuunga kinanda kimoja kidogo, nyaya zote zikiwa tumboni. Kutokana na kile cha kuokoteza ikaja Minimoog, mwaka 1970. Iliendelea kutengenezwa kwa takriban miaka 11.

Upande wa kushoto, nje ya vibonye, iliwekewa magurudumu mawili. Moja linapinda noti juu au chini. Kwa sikio lililolelewa na udi na fidla hilo si jambo dogo. Ugomvi wetu wa miaka mingi na vinanda ni kwamba vinaruka: kutoka noti hii hadi ile hakuna njia ya kuteleza, na muziki wetu wa pwani unaishi kwenye huko kuteleza. Gurudumu linarudisha utelezi ule. Nimewahi kusema mbele ya watu kwamba vinanda vya taarabu ya kisasa vina gurudumu au mtaimbo wa kupindia noti ambao wapigaji wengi hawaugusi, nikaambiwa najifanya mjuaji. Bado nasema hivyo.

Basi fundi akaanza kutyuni. Alikuwa ameuwasha mtambo tangu asubuhi, maana osileta za zamani hubadilika zikipata joto. Anayewasha na kupiga papo hapo atajikuta ameachana na bendi kabla ya wimbo wa pili. Mbele ya osileta masafa yameandikwa kwa futi, 32, 16, 8, 4, 2, kama mabomba ya kinanda cha kanisani. Akaziweka mbili kwenye 8, akaziliza pamoja. Zilikuwa zimepishana kidogo, na sauti ikatikisika: wa-wa-wa-wa. Akazungusha kirungu kwa ncha za vidole viwili. Waa, waa, waa. Akazungusha tena, unywele tu. Waaaa. Waaaa. Nikasubiri asimamishe kabisa mtikisiko ule, naye akaondoa mkono. "Zikilingana kabisa," akasema, "zinakuwa kitu kimoja chembamba." Alikuwa ameacha pengo dogo makusudi, na mle ndani besi ilikuwa inapumua.

Mengine ni kazi chafu. Kapasita zimekauka, zinang'olewa na kulehemewa mpya. Vipira vilivyo chini ya vibonye vimeyeyuka kwa uzee vikawa kama ulimbo wa kunasia ndege. Vinakwanguliwa kimoja kimoja kwa spiriti. Vibonye vyote 44. Nilijaribu vitatu, nikaomba ruhusa ya kunywa chai.

Mwaka 1978 Sequential Circuits ya California ikatoa Prophet-5, na dunia ya vinanda ikageuka: noti tano kwa pamoja, na sauti 40 zilizowekwa akibani, unaziita kwa kubonyeza. Wanamuziki walishangilia, na mimi ningeshangilia pia. Nani anataka kusimama gizani jukwaani akizungusha virungu huku mwimbaji anamkodolea macho? Yamaha DX7 ilipofika, 1983, vile virungu vyenyewe viliondoka, pakabaki vitufe na kidirisha, na kutunga sauti mpya ndani yake kulikuwa kugumu hivi kwamba watu wengi waliridhika na zile za kiwandani. Piano yake ile ya kengele ikasikika kila mahali.

Lakini kumbukumbu hizo zilikuwa zinalishwa na betri ndogo iliyolehemewa ndani. Na betri huzeeka. Fundi akanionyesha bodi iliyotolewa kwenye Korg Polysix, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Pale betri ilipokuwa pameota ukungu wa kijani na buluu. Betri ilivuja, na kilichovuja kikatafuna njia za shaba zilizoizunguka, hadi mtambo ukapoteza sauti zilizohifadhiwa na akili ya kuziita pia. Ni ugonjwa unaojulikana wa vinanda hivyo. Anayeshika Polysix ambayo haijafunguliwa, kwanza anauliza habari za betri. Minimoog ya mezani, iliyoizidi umri kwa miaka kumi, haikuwa na kitu cha kuvuja.

Wapenzi wa vinanda hivi ni watu wa kila namna. Wapo wanaoapa kwamba bodi za osileta za mwanzo zina utamu ambao za baadaye hazina, na watakuhubiria hadi usiku wa manane. Wapo wanaonunua kwa bei ya gari na kufunika kwa kitambaa. Hao siwaelewi. Anayenikaa moyoni ni Hailu Mergia, Mhabeshi, aliyekuwa mpiga kinanda wa Walias Band mjini Addis Ababa, kisha akabaki Washington baada ya ziara ya bendi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1985 aliingia studio peke yake na kodiani, piano ya umeme na sintesaiza, akarekodi kaseti ya nyimbo za kwao. Kodiani inaimba, Moog inaitikia, na huwezi kusema kipi ni cha zamani. Kisha akaendesha teksi miaka na miaka. Kwenye buti aliweka kinanda kidogo, na abiria wakikosekana uwanja wa ndege anakitoa, anakaa kiti cha nyuma, anafanya mazoezi. Mwaka 2013 kaseti ile ilitolewa upya, akarudi jukwaani akiwa na umri wa miaka zaidi ya 60. Vidole vilikuwa tayari.

Jioni fundi akafunga kifuniko, akaitoa karatasi ukutani, akaiegemeza juu ya mtambo. Akafuata kiduara kimoja baada ya kingine, kila kirungu mahali pake. Akabonyeza noti ya chini.

Haikuwa yenyewe. Hata mimi, ambaye sikuwahi kuisikia ile ya kwanza, niliona uso wake. Kapasita mpya, osileta zimetulia, chujio safi: kinanda kimepona na hakiimbi tena kama kilipokuwa mgonjwa. Akagusa kirungu cha chujio, akakirudisha nyuma kidogo, akabonyeza, akasikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Mara ya tatu akaguna kwa kuridhika. Akachukua kifutio, akafuta mstari mmoja kwenye karatasi, akauchora upya, kushoto kidogo ya pale ulipokuwa.