Kutoka Shime Kuokoana hadi Mila na Utamaduni: Jina la Kikundi cha Taarabu kama Matini

Ni desturi kuhesabu umri wa Culture Musical Club ya Unguja, yaani Mila na Utamaduni, kuanzia mwaka 1958. Hesabu hiyo ni sahihi, ila inafunika badiliko moja. Kikundi kilichozaliwa mwaka huo, katikati ya Zama za Siasa na chini ya vijana wa Afro-Shirazi Party, kiliitwa Shime Kuokoana.

Shime ni kihisishi cha kuhimiza. Kuokoana, kwa kauli ya kutendana, humfanya mwokoaji awe pia mwokolewa. Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilijitambulisha kwa Kiarabu kuwa udugu. Udugu huchagua wanachama wake, ilhali wito humwendea kila anayeusikia.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 kikundi kiliwekwa chini ya serikali, na jina likawa nomino mbili. Nomino hizo hutaja mambo ya kuhifadhiwa bila kumtaja mtenda wala mtendwa. Ni kweli kwamba ulezi wa serikali ulisaidia kikundi kudumu. Hata hivyo, mhakiki anayesoma nyimbo za vipindi vyote viwili kama kauli ya msemaji mmoja hulipoteza swali la msingi la taarabu: nani anamwimbia nani?

Kwa hiyo, badiliko la jina lichukuliwe kuwa mpaka wa uchambuzi. Kikundi kinaweza kuendelea kupiga muziki ilhali umoja uliokiasisi umekwisha kuvunjika.