Macho huona maganda, kitana hukamata chawa

Katika shule nyingi za msingi za Rwanda watoto hunyolewa hadi karibu na ngozi, wasichana kwa wavulana. Kwa mzazi wa Masaka, wilayani Kicukiro, shughuli ya kusaka chawa huja likizo ndefu nywele zinaporefuka, au kwa mdogo ambaye hajaanza shule na bado anasukwa. Kinyarwanda humwita chawa inda. 

Mtoto hukalishwa mlangoni penye mwanga, misuko ikafumuliwa, vidole vikapekua kisogoni na nyuma ya masikio. Mahali ni penyewe, maana huko ndiko mayai hujaa. Tatizo ni macho. Chawa ana milimita 2 hadi 3, anaukimbia mwanga, na yai lenye uhai lina rangi ya kahawia inayopotelea kwenye ngozi. Linalong'aa jeupe ni ganda tupu.

Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwapima wanafunzi 304 kwa njia mbili: kwa macho, kisha kwa kitana cha meno yaliyobanana kwenye nywele zilizoloweshwa. Kwa wenye chawa hai, macho yaliwabaini chini ya theluthi moja. Kitana kiliwanasa 9 kati ya 10. Lakini kwa waliobakiwa na mayai ya zamani tu, macho yalikishinda kitana. Kwangu hilo ndilo tunda la utafiti ule: macho hueleza kama mtoto aliwahi kuwa na chawa, kitana hueleza kama anao leo.

Umbali wa yai kutoka ngozini nao ni ushahidi. Yai hubandikwa penye shina la unywele na huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10. Unywele hurefuka kama sentimita 1 kwa mwezi. Yai lililo mbali na ngozi zaidi ya sentimita hiyo limekwisha kazi. Ila nywele za kipilipili hudanganya: unyooshe unywele kwanza ndipo upime.

Mba hupeperuka ukiupuliza, yai halitoki mpaka ulivute kwa kucha. Mabaka yenye magamba kwenye kichwa kilichonyolewa ni mapunye, ugonjwa wa fangasi ambao mashine ya kinyozi huweza kuusambaza.

Kwa nywele zetu kitana hukwama pasipo kondishena. Paka, tenganisha mafungu madogo, fumua kwa chanuo, kisha pitisha kitana toka ngozini hadi nchani, ukikifuta kwenye kitambaa cheupe kila mara. Asipoonekana hata mmoja anayetembea, dawa ibaki dukani.