Kalamu Ikae kwa Mkulima

Kwa miaka mingi kahawa ya milima ya Rwenzori iliharibiwa na jambo lililokuwa ndani ya nyumba. Mume alichuma punje za kijani akaziuza kabla mkewe hajajua. Mke naye akawahi zake kabla mume hajazifikia. Bwana shamba angeweza kuhimiza kahawa nyekundu mpaka sauti imkauke, na bado gunia lingeingia sokoni na punje mbichi. Wote wawili walijua kahawa nzuri ni ipi. Walichokosa ni kuaminiana.

Waliolishughulikia fundo hilo ni wawezeshaji wa Bukonzo Joint, ushirika wa wakulima wa Kyarumba, wilayani Kasese. Mbinu yao ya kujifunza kwa michoro, GALS, ilikua chini ya mpango wa wanawake wa shirika la Oxfam Novib kuanzia mwaka 2008, ikitokana na kazi ambayo mtafiti Linda Mayoux alikuwa ameifanya na mashirika ya Uganda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mimi naistahi kazi ya mwezeshaji kama ninavyostahi kazi ya fundi seremala au mkunga: ina zana zake, ina utaratibu wake, na asiyeijua huonekana mapema.

Tazama mti wao wa mizani. Mkulima, hata kama hajui kusoma, huchora shina katikati ya karatasi. Kwenye mizizi ya upande mmoja huweka kazi za mwanamke: jembe, kuni, mtungi wa maji. Upande wa pili huweka za mwanamume, na katikati zile wanazofanya pamoja. Matawi juu hufuata mpango huohuo, ila yanabeba matumizi: ada ya shule, sabuni, nyama, pombe. Kando ya shina huchorwa mali, kila kitu upande wa mwenye kukimiliki: shamba, mbuzi, baiskeli. Mkulima akishamaliza, anauangalia mti wake. Mizizi imejaa upande huu, matunda yameelemea upande ule, na shamba lote limekaa kwa mmoja. Hakuna aliyemhubiria. Anazungushia duara yale anayotaka kuyabadilisha, kisha anapanga aanze na lipi.

Ufundi wa mwezeshaji uko katika yale anayojizuia kuyafanya. Hashiki kalamu, kwa sababu mchoro wa mgeni utabaki mali ya mgeni. Wanawake huwaketisha peke yao kwanza, na wanaume vivyo hivyo, ndipo awakutanishe, ili mwenye sauti ndogo aje na neno ambalo ameshalisema mara moja. Katika mchoro wao wa safari ya maisha, duara la ndoto juu ya karatasi hutangulia, na hali ya sasa huja baadaye. Mpangilio huo una sababu yake: kikao kinachoanza na orodha ya matatizo huishia kuorodhesha misaada ya kuombwa. Mwishowe mwezeshaji huondoka, na aliyechora huenda kumfundisha dada, shemeji na jirani, bila posho. Katika familia zilizopita njia hiyo, wapo waliokubaliana kungoja kahawa iive, na wapo waliotia saini pamoja, mume na mke, kwenye hati ya shamba.

Shuka sasa mpaka Kahendero, ufukweni mwa Ziwa George, ambako ufundi huo unahitajika pia. Kijiji hiki cha wavuvi kimezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, hivyo hakuna pa kupanulia shamba, na ziwa lenyewe lina kina cha wastani kisichofika mita 3. Riziki ni ngege, kambare na kamongo, na fedha huja mkononi kwa siku, si kwa msimu. Mwaka 2003 kanuni za Uganda ziliunda kamati za usimamizi wa fukwe, zikawapa viti wenye mitumbwi, baria wanaovua, wachuuzi wa samaki na wanawake. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Lakini mpe baria kiti kando ya mwenye mtumbwi anayemwajiri: atazungumza nini? Kiti hutolewa na kanuni. Sauti huhitaji mtu anayejua kupanga kikao. Rais Museveni alizisimamisha kamati hizo mwaka 2015, na kuanzia 2017 jeshi likapewa ulinzi wa maziwa. Doria inaweza kukamata nyavu haramu. Kuwapatanisha baria na tajiri wake juu ya mgawo wa samaki ni kazi nyingine kabisa.

Ndiyo maana wenye kazi hii wanastahili chama. Duniani wanacho: Chama cha Kimataifa cha Wawezeshaji kilianzishwa mwaka 1994, na anayeomba cheti chake hupimwa akiwa anaendesha kikao mbele ya wakaguzi. Kwetu bado yeyote aliyevaa fulana ya mradi na kubeba karatasi kubwa huitwa mwezeshaji, na wanakijiji ndio wanaolipa gharama kwa siku zao zilizopotea.

Wawezeshaji wa Kasese, undeni chama chenu, kutoka Kyarumba mpaka Bwera na fukwe za Kahendero. Wakulima na wavuvi wawe miongoni mwa wakaguzi, maana wao ndio wanaojua ni nani aliwasikiliza. Nanyi mnaowaajiri, msiulize tu ni watu wangapi waliojaza fomu ya mahudhurio. Ulizeni kalamu ilikuwa mkononi mwa nani, na baada ya mgeni kuondoka, nani aliendelea kuchora.